Usiache mbachao: jinsi simu ilivyomeza pochi, ramani na kumbukumbu zetu

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, tuzungumze historia kidogo. Msiogope, kompyuta zitaingia tu humo ndani.

Nina swali moja la kuanzia. Simu yako ikizimika sasa hivi, ikakataa kabisa kuwaka mpaka kesho, ni nini utashindwa kufanya? Hesabu kwa vidole. Kulipa nauli? Kununua unga? Kuwasha stima nyumbani? Kumpigia mama? Kuthibitisha kwamba tikiti ya gari la moshi ni yako? Wengi wetu tutamaliza vidole vya mkono mmoja na kuanza wa pili.

Sasa jiulize swali hilohilo kwa mwaka wa 1999. Simu ya nyumbani (kwa wale wachache waliokuwa nayo) ilipokufa, ulishindwa kufanya nini? Kupiga simu. Basi.

Kati ya majibu hayo mawili kuna hadithi ndefu. Watu wengi huieleza kana kwamba ni hadithi ya uvivu: eti vijana wa siku hizi wamezoea vya kutafuniwa. Mimi sikubaliani nao. Tumefika hapa hatua moja baada ya nyingine, na karibu kila hatua ilikuwa ya busara wakati ilipochukuliwa. Tatizo liko katika yale tuliyoyaacha nyuma kila tulipopiga hatua. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Tufuate njia tuone mbachao wetu tuliuachia wapi.

ENZI ZA KIBANDA

Sensa ya 1999 ilihesabu watu takriban milioni 28.7 nchini Kenya. Laini za simu za waya zilikuwa kama laki tatu. Piga hesabu: laini moja kwa karibu watu mia. Simu zote zilikuwa za Shirika la Posta na Simu, na mwaka huohuo wa 1999 ndipo shirika hilo lilipogawanywa mara tatu: Telkom Kenya kwa simu, Posta kwa barua, na tume ya kusimamia mawasiliano, CCK, ambayo leo tunaiita Mamlaka ya Mawasiliano.

Kuomba laini ilikuwa kazi ya subira. Asiyekuwa na laini alikwenda kwenye kibanda akiwa na sarafu mkononi, akapanga foleni, na akifika mbele akakuta kifaa kimekufa. Mvua ikinyesha, waya zinaleta mashaka. Nani asiyejua?

Lakini angalia jambo moja. Kwa sababu simu ilikuwa haiaminiki, hakuna aliyeiachia maisha yake. Kila mtu alikuwa na njia ya pili, na mara nyingi ya tatu. Ulituma barua. Ulimpa dereva wa basi bahasha apeleke nyumbani. Ulimwambia jirani anayesafiri. Miadi iliwekwa mapema na kutimizwa, maana hukuwa na jinsi ya kusema "nimekwama kwa jam, nisubiri." Namba muhimu zilikuwa kichwani, na zilizobaki zilikuwa kwenye kidaftari kando ya redio.

Ubovu wa simu ulikuwa kinga yetu! Hili ndilo wazo ninalotaka ulishike mpaka mwisho wa makala: kitu kinachoharibika kila mara hakiwezi kukuangamiza kikiharibika, kwa kuwa umeshajipanga. Kinachoangamiza ni kile kinachofanya kazi siku 364, ukasahau njia nyingine zote, kisha siku ya 365 kikalala.

MWAKA WA 2000: SIMU INATOKA UKUTANI

Mwaka wa 2000 kampuni mbili ziliingia sokoni kwa kishindo. Kencell ilikuwa mpya (baadaye ikawa Celtel, kisha Zain, na leo Airtel). Safaricom ilikuwa imeanza miaka michache nyuma chini ya shirika la simu, lakini mwaka huo Vodafone ya Uingereza iliingia ndani kwa asilimia 40 na Michael Joseph akakabidhiwa usukani.

Watu husahau uamuzi mmoja mdogo uliobadilisha mambo. Kencell ilitoza kwa dakika. Safaricom ikatoza kwa sekunde. Kwa mtu wa mshahara mdogo tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno. Ungeweza kupiga simu ya sekunde kumi, ukasema "nimefika," ukakata, na kadi yako ya kukwaruza ikadumu wiki. Asiyekuwa na hata hizo sekunde kumi alibipu, na aliyebipiwa akajua maana yake.

Kisha, mwaka wa 2003, Nokia ikatoa simu yake ya 1100. Ile yenye tochi. Sisi tukaiita mulika mwizi. Duniani kote ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na sababu si siri: ilikuwa rahisi, haikuogopa vumbi, na betri yake ilikaa siku kadhaa. Zingatia hiyo betri, tutairudia.

Hapa ndipo mbachao wa kwanza ulipoachwa. Mulika mwizi ilikuwa na saa, basi saa ya mkononi ikawa pambo. Ilikuwa na kengele ya kuamsha. Ilikuwa na tochi. Na iliweza kuhifadhi majina na namba, basi kidaftari kando ya redio kikaanza kukusanya vumbi. Vibanda vya simu navyo vikafa kimoja kimoja, na hakuna aliyelia.

2007: MWAKA WA MAPACHA

Mwaka wa 2007 ulizaa vitu viwili ambavyo wakati huo havikuonekana kuhusiana.

Tarehe 6 Machi, Safaricom ilizindua M-Pesa. Wazo lilikuwa limeanza ndani ya Vodafone, kwa Nick Hughes na Susie Lonie, kwa msaada wa ruzuku ya serikali ya Uingereza. Jaribio la kwanza, la mwaka wa 2005 huko Nairobi na Thika, lilihusu jambo jingine kabisa: wateja wa Faulu Kenya walipe mikopo yao midogo kwa simu. Lakini watu wakikabidhiwa chombo hukitumia watakavyo wao. Waliokuwa kwenye jaribio wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Waanzilishi wakaona, wakabadilisha mkondo, na huduma ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka mmoja kuisha ilikuwa imepita wateja milioni moja.

Ile mingine ni simu ya iPhone, iliyoanza kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni 2007. Haikuwa simu janja ya kwanza. IBM ilikuwa imeuza moja iliyoitwa Simon tangu 1994, na BlackBerry zilikuwa mikononi mwa wakubwa wa maofisi kwa miaka. Lakini baada ya iPhone, na baada ya simu ya kwanza ya Android kutoka mwishoni mwa 2008, umbo la simu likawa limeamuliwa: kioo kitupu kinachoweza kuwa chochote.

Tazama tofauti ya mapacha hawa. M-Pesa iliwekwa ndani ya kadi ya simu yenyewe, ikasafiri kwa arafa, bila intaneti, hata kwenye mulika mwizi. iPhone ilitaka intaneti, chaji kila usiku na pesa nyingi. Mmoja alileta pesa ndani ya simu; mwingine akaleta kila kitu kilichobaki.

Kenya walikutana polepole. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka wa 2009, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti peke yake. Mwaka wa 2011 Safaricom ilileta Huawei IDEOS, simu ya Android iliyouzwa kama shilingi 8,000. Ilikuwa na kioo kidogo na betri ya kusikitisha, lakini ilikuwa ni simu janja ambayo karani au mwalimu angeweza kuinunua. Hapo pacha wa kwanza na wa pili wakaanza kuishi mfukoni mmoja.

Kabla sijaanza kulaumu, niseme wazi: M-Pesa iliokoa watu. Katika machafuko ya baada ya uchaguzi, mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, barabara zilifungwa na maduka mengi yakafungwa. Waliokwama walitumiwa pesa na salio na jamaa zao kupitia simu. Ukimwambia mtu aliyepata chakula kwa njia hiyo kwamba simu ni hatari, atakucheka, na ana haki.

SIKU ZILIZOZIMIKA

Sasa twende kwenye siku ya 365. Nimepanga matukio haya kwa miaka, lakini ukiyasoma angalia kwamba kila moja lilikuwa na chanzo tofauti.

Oktoba 2011: swichi moja Uingereza. Tarehe 10, huduma za BlackBerry zilikatika Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, kisha zikaenea mpaka Amerika. Ilichukua siku tatu hivi. Ujumbe wote wa BlackBerry ulipitia mitambo ya kampuni yenyewe. Swichi kuu ilikufa, na ya akiba, ambayo kampuni ilisema ilikuwa imejaribiwa, haikushika kazi ilivyotarajiwa. Huko Ghuba kukatokea jambo la ajabu: polisi walisema ajali za barabarani zilipungua siku hizo, kwa asilimia 20 hivi Dubai na 40 hivi Abu Dhabi. Siku tatu ni chache mno kuthibitisha lolote, lakini zinatufanya tujiulize madereva walikuwa wakitazama nini siku nyingine.

Februari 2012: nanga ya meli. Siku chache baada ya kebo kukatika katika Bahari ya Shamu, meli moja ilishusha nanga mahali palipokatazwa karibu na bandari ya Mombasa, ikakata kebo ya TEAMS. Kumbuka kwamba mizigo ya zile kebo za Bahari ya Shamu ilikuwa imehamishiwa TEAMS. Yaani njia ya akiba ndiyo iliyokatwa. Intaneti ikawa inatambaa kama kobe Afrika Mashariki nzima.

Septemba 2012: amri. Usiku wa tarehe 30, CCK ilizima simu bandia nchini Kenya. Zaidi ya simu milioni moja ziliondolewa kwenye mitandao. Nia ilikuwa njema. Lakini mwenye simu, ambaye huenda hakujua alichouziwa, aliamka asubuhi akiwa na kipande cha plastiki. Laini yake bado ilikuwa nzima, angeiweka kwenye simu nyingine. Namba zilizohifadhiwa ndani ya kile kipande cha plastiki je?

Aprili 2017: mtandao mzima. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 24, mtandao wa Safaricom ulilala nchini kote. Simu za sauti, arafa, intaneti, M-Pesa, vyote kwa pamoja, kwa saa kadhaa. Kampuni ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 25. Hapa ndipo Wakenya wengi walipoona kwa mara ya kwanza kwamba vitu walivyodhani ni vinne vilikuwa kitu kimoja. Ukikosa pesa kwenye simu unapiga simu kuomba. Na kama simu ndiyo iliyokufa, unaomba kwa nani?

Oktoba 2021: amri moja isiyo sahihi. Tarehe 4 jioni kwa saa zetu, Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka duniani kwa karibu saa sita. Kampuni ilieleza kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mtandao wao wa ndani, kisha seva zao zikaacha kuitangazia dunia mahali zilipo. Wahandisi walipotaka kurekebisha wakakuta vyombo vyao vya kurekebishia vinategemea mtandao uleule uliokufa. Ilibidi watu waende kwenye majengo ya seva kwa miguu yao, na kuingia humo si rahisi. Usiku ule M-Pesa iliendelea kufanya kazi, kwani haikuwa imejengwa juu ya nyumba ya Facebook. Waliokuwa wakipokea oda za biashara zao kwa WhatsApp hawakuwa na bahati hiyo.

Julai 2023: adui. Kufikia mwaka huo serikali ya Kenya ilikuwa imeagiza malipo ya huduma zake yapitie namba moja, 222222, na mwishoni mwa Juni ikazindua Gava Mkononi, huduma zaidi ya 5,000 ndani ya simu. Mwezi haukuisha. Tarehe 27 Julai, kundi lililojiita Anonymous Sudan likaishambulia eCitizen kwa kuimwagia maombi bandia mpaka ikazidiwa. Viza za mtandaoni zikakwama, serikali ikasema wageni wapewe viza wakifika. Wasafiri wa gari la moshi wakapata taabu ya tikiti. Kununua tokeni za stima kukawa shida, na huduma za pesa kwa simu zikayumba. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Sawa. Lakini kundi hilo halikuhitaji kuvunja milango elfu tano. Lilisukuma mmoja tu.

Agosti 2023: giza. Tarehe 25, usiku, stima zilipotea karibu Kenya nzima, na sehemu nyingine zilikaa gizani kwa takriban siku nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa na giza kwa muda. Novemba na Desemba giza hilo likarudi tena. Sasa kumbuka ile betri ya mulika mwizi iliyokaa siku kadhaa. Simu janja nyingi hazimalizi siku moja na nusu.

Mei 2024: kebo tena. Tarehe 12, EASSy na SEACOM zilikatika pamoja baharini kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na majirani.

Swichi, nanga, amri ya serikali, hitilafu, kosa la mhandisi, adui, umeme, bahari. Vyanzo vinane, na mtu wa kawaida hakuwa na uwezo juu ya hata kimoja. Hakuna mwaka utakaotuambia "hili ndilo la mwisho."

MVIRINGO

Waandishi wa programu tuna ugonjwa mmoja tunaouogopa sana. Sehemu A ya programu inahitaji sehemu B iwake kwanza, na sehemu B inahitaji A iwake kwanza. Zikizimika zote mbili, haziwaki tena. Tuuite utegemezi wa mviringo.

Sasa tazama nyumba ya kawaida ya Nairobi. Stima ni za tokeni. Tokeni hununuliwa kwa simu. Simu huchajiwa kwa stima. Siku ambayo tokeni zimeisha na simu imeisha chaji kwa pamoja, mviringo umekamilika. Unabisha mlango wa jirani. Na jirani, nashukuru Mungu, bado yupo na hahitaji kusasishwa!

Mviringo mwingine: namba za siri za akaunti zako hurejeshwa kwa arafa inayokuja kwenye laini yako. Laini yako ikipotea, unahitaji kuthibitisha wewe ni nani ili upewe nyingine. Wezi wameujua mviringo huu vizuri kuliko sisi. Ndiyo maana hawahangaiki kuvunja benki. Hudanganya mpaka laini yako ihamishiwe kwao, kisha milango mingine yote inajifungua yenyewe. Pochi iliyoibwa zamani ilikuwa na shilingi mia tano na picha ya mchumba. Laini iliyoibwa leo ina akiba yako, barua zako na jina lako.

Kuna pia hatari isiyohitaji kitu chochote kuzimika. Kuanzia 2014 programu za mikopo zilifika Kenya, na simu ikawa ndiyo shahidi wa tabia ya mtu. Programu ilisoma arafa, ikasoma orodha ya marafiki, ikaamua kama unakopesheka. Baadhi ya wakopeshaji wakaitumia orodha hiyo kuaibisha watu: umechelewa kulipa, wanampigia bosi wako, wanampigia mkwe wako. Sheria ya kulinda data ilitiwa saini Novemba 2019, na kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zikapiga marufuku mchezo huo na kulazimisha wakopeshaji wapate leseni. Lakini kwa miaka minane hivi kitu kile kile kilichokuwa pochi kilikuwa pia mpelelezi.

Na yule asiye na simu janja je? Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, masomo yalihamia kwenye vioo. Mtoto ambaye nyumbani kulikuwa na mulika mwizi pekee alikaa karibu miezi kumi akisubiri. Kila mlango wa dirishani unapofungwa kwa kuwa "siku hizi ni kwenye simu," kuna mzee mahali fulani anayelazimika kumpa kijana wa cyber namba yake ya siri ili ahudumiwe. Huyo naye yumo ndani ya utegemezi, tena bila hata kuimiliki hiyo simu.

SOMO KUTOKA KWA MATATU

Kuna sehemu moja ambapo mbachao haukuachwa. Mwaka wa 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya BebaPay ya kulipia nauli. Serikali ikataka matatu zote ziache pesa taslimu ifikapo Julai 2014, tarehe ikasogezwa, na mwishowe mpango ukafa. Mapema 2015 BebaPay ikafungwa. Wapenda teknolojia walisikitika. Makanga hawakusikitika hata kidogo, na baadhi ya sababu zao hazikuwa safi.

Lakini matokeo ni haya: leo unaweza kulipa nauli kwa M-Pesa, na unaweza kulipa kwa noti. Mtandao ukilala, matatu inaendelea kwenda. Usafiri wa Nairobi, pamoja na fujo zake zote, una njia ya pili. Linganisha na dirisha la serikali lenye njia moja tu ya kulipa. Kipi kimejengwa kwa uhandisi bora? Jibu linauma kidogo.

TUFANYEJE BASI?

Sitakuambia utupe simu. Mimi nalipwa kwa kutengeneza vitu vinavyokaa humo ndani. Ninachosema ni kwamba kila kitu muhimu kiwe na njia ya pili ambayo haipiti kwenye simu hiyohiyo.

Kwa mtumiaji, mambo ni ya bei rahisi. Kariri namba tano: mzazi, mwenzi, ndugu, jirani, kazini. Andika nyingine kumi kwenye karatasi. Weka noti ya nauli mahali usipoigusa. Nunua tokeni kabla hazijaisha. Tikiti ya safari muhimu ichapishe. Weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, si kwenye kioo tu. Kama unaweza, kuwa na kimulika mwizi cha pili chenye laini ya mtandao mwingine; hiyo ndiyo seva yako ya akiba. Na seva ya akiba isiyojaribiwa si akiba, waulize BlackBerry. Basi mara moja kwa mwezi izime simu janja kuanzia asubuhi hadi jioni, uone ni nini kitakachokwama. Utakachokigundua siku hiyo ya kuchagua mwenyewe ni nafuu kuliko utakachokigundua siku ya kulazimishwa.

Kwa wenzangu tunaoandika programu, mzigo ni mkubwa zaidi, kwa kuwa sisi ndio tunaofunga madirisha. Ukitengeneza huduma ya watu, acha njia ya arafa au ya kubofya nyota na reli kwa wenye simu za kawaida. Programu iweze kuonyesha tikiti hata pasipo na mtandao. Usiombe ruhusa ya kusoma majina ya marafiki kama huyahitaji. Na mteja anapokuambia "tufunge kaunta, kila mtu ana simu," muulize: siku ambayo simu hazishiki, nani atamhudumia mama aliyesimama mlangoni? Kama hana jibu, kaunta ibaki.

M-Pesa ilishinda kwa kuwa iliwafuata watu walipokuwa, kwenye simu mbovu kuliko zote. Ingekuwa aibu mrithi wake awakatae watu haohao. Msala ni mzuri, tena una mapambo. Lakini ukunje ule mbachao uuweke pembeni, mahali utakapoufikia hata gizani.

Kwaherini kwa leo, na mchaji simu zenu.